Fimbo za Modesta

Mwalimu Agustino hakuwa na mjomba. Kwa watu wa Nyalungo hilo lilitosha kumwondoa katika hesabu ya watu.

Huko milimani Uluguru mtoto ni wa mama. Baba humzaa, humlisha, humwita jina analopenda. Mwenye mtoto ni kaka yake mama. Mtoto akiiba, anaitwa mjomba. Binti akiposwa, anaulizwa mjomba. Mtu akifa, mjomba ndiye anayesema alazwe wapi. Sasa mtu asiye na mjomba, akikukosea utampeleka kwa nani?

Agustino aliokotwa. Mapadri walimkomboa Bagamoyo kutoka katika msafara uliokuwa umeshuka pwani na watu wenye minyororo shingoni. Alikuwa mdogo, hakuweza kusema ametoka wapi wala mama yake nani. Wakamwogesha, wakambatiza. Umri wake waliukisia kwa kumtazama meno.

Kusoma alifundishwa kwa fimbo, naye alijifunza upesi, maana hakuwa na pa kukimbilia. Alipokua alikumbuka ile fimbo, akasema ndiyo iliyomfundisha. Kule kukosa pa kukimbilia alikusahau.

Alimwoa Felista, binti wa Nyalungo aliyelelewa na masista misheni. Walizaa watatu, wakazika wawili. Akabaki Modesta. Siku alipozaliwa, Agustino alimshika mikononi akamtazama masikio. Yalikuwa makubwa, yamechongoka juu kidogo. Yalikuwa masikio yake. Mtu mzima yule alikaa chini akalia, kwa sababu katika dunia hii hakuwahi kuona kitu kilichofanana naye.

Wadachi walipomaliza kunyonga watu wa vita vya Majimaji, na reli yao ikafika Morogoro, amani yao ikawepo. Mapadri wakatuma walimu wapande milimani. Agustino akapelekwa Nyalungo, kwao mkewe. Alipofika, Maneno, kaka yake Felista, alitoka kuwapokea. Alimshika Modesta kichwani akamwambia, "Karibu nyumbani, mama." Kisha akamgeukia Agustino. "Na wewe karibu, mgeni."

Wakampa kipande cha shamba katika ardhi ya mkewe. Wakamjengea nyumba ya miti na udongo kwa ajili ya shule. Jumbe akapiga ngoma akatangaza kwamba kila nyumba itoe mtoto wa kusoma, na nyumba isiyotoa, mwanamume wake atashushwa bomani Morogoro akaonje kiboko cha Mdachi. Watoto wakaja. Walileta miili.

Walikaa wametulia kama vifurushi. Agustino aliandika kwa udongo mweupe juu ya ubao uliopakwa masizi, akaonyesha, akauliza, hakuna aliyefungua kinywa. Sababu walikuwa nayo. Jumbe aliagiza waje, hakuagiza waseme.

Alijaribu nyimbo. Waliimba vizuri sana, wakaenda zao.

Alijaribu chumvi. Alikuwa na kijungu chake kutoka misheni, na milimani chumvi ilikuwa kitu cha kuotwa. Aliyeitambua herufi aliambiwa atoe ulimi, akatiliwa punje. Hapo vinywa vilifunguka. A ikajulikana, na e, na i, na o. Kisha chumvi ikaisha. Siku hiyo alikuwa ameandika u. Benedikto, mtoto wa Kristina, dada yake Felista mkubwa, aliinamisha kichwa akaitazama ile herufi kwa huruma.

"Mwalimu, hii mbona haina chumvi?"

Shule nzima ilicheka. Modesta naye alicheka, pale mlangoni alipokuwa akikaa na mtungi wa maji. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa Nyalungo aliyeijua u.

Padri alikuja kukagua. Aliuliza, akanyamaziwa. Akamtoa Agustino nje, wakasimama kwenye ukungu.

"Masika yakiisha nitarudi," padri alisema. "Nataka niwasikie wakisoma. Nisipowasikia, nitaifunga shule, na wewe utashuka misheni. Kuna ng'ombe wa kuchunga."

"Na familia yangu, padri?"

"Familia yako itakufuata. Mke humfuata mume."

Lakini jioni Felista alimwambia yaliyo kweli. Alikuwa anasaga mahindi, hakuinua uso. "Mimi nitakufuata. Modesta hatakufuata. Kaka yangu hatamwachia ashuke tena."

"Ni mtoto wangu."

"Baba Modesta, huku hatusemi hivyo."

Agustino hakubishana. Kuna jambo moja tu alilolielewa: watoto wasiposoma, atamwacha Modesta. Asubuhi alikata fimbo ya mpera, akaichuna maganda, na Benedikto alipoikosa u, alimpiga mpaka mkono ukachoka.

*

Siku ya pili Maneno alikuja na wanaume wa ukoo, na mzee Mikidadi pamoja nao. Mikidadi alikuwa mtu wa kuuza tumbaku, hana kazi katika shauri hilo, ila palipokuwa na mtu wa kutukanwa alipenda kuwapo.

"Shikamoo, shemeji," alisema Agustino.

"Marahaba. Sikuja kuamkiwa. Mtoto wa dada yangu hawezi kukaa. Amelala kifudifudi kama mjusi."

"Hataki kusoma, shemeji. Na padri amesema..."

"Padri simjui. Nakujua wewe. Tena na wewe sikujui vizuri, maana simjui mama yako."

Wanaume walicheka. Mikidadi akasogea mbele akisaga tumbaku kiganjani.

"Mwalimu, nikueleze kwa lugha ya mifugo, labda utanielewa. Wewe hapa ni beberu la kuazima. Umefanya kazi, tunashukuru, mtoto mzuri. Zizi ni la wenyewe."

Agustino alitazama chini. Maneno hakucheka.

"Sikia, shemeji. Watoto wa nyumba hii hawapigwi na mtu wa nje. Ukirudia, jembe lako litafute ardhi nyingine."

"Nimesikia."

Alisikia vibaya. Alisikia kwamba asiwapige watoto wao. Yeye alikuwa na wake.

*

Benedikto alirudi shuleni baada ya kupona. Alikaa kwa tako moja, lakini alikaa mbele. Habari za Maneno zilikuwa zimezagaa, na watoto walimtazama mwalimu kama watu wanavyomtazama mbwa aliyefungwa kamba.

Agustino alionyesha ubao. "Benedikto. Hii nini?"

"Sijui, mwalimu. Unijulishe kwa upole."

Wakacheka tena, mpaka wengine wakashikana mabega. Na Modesta mlangoni akacheka, mkono mdomoni. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na Benedikto alikuwa mtu wa kuchekesha.

Agustino aliisikia sauti hiyo moja ndani ya zote. Alikwenda mlangoni akamvuta mwanawe mkono, akampiga fimbo mgongoni, akampiga tena. Mtoto hakulia kwanza. Alikuwa anashangaa.

Benedikto alisimama.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekosa. Yeye hukumuuliza."

"Najua. Wewe nimekatazwa kukupiga. Huyu ni wangu." Akainua fimbo. "Hii nini?"

"U," alisema Benedikto.

Alikuwa anaijua tangu zamani.

Hivyo ndivyo mwalimu Agustino alivyopata dawa ya shule yake. Hakuitafuta, ilimwangukia. Kesho yake aliuliza herufi mpya, Andrea, mtoto wa jirani wa ukoo uleule, akakosa, Modesta akapigwa. Keshokutwa Andrea hakukosa. Aliyekosa hakuguswa hata na ukucha. Alikalishwa mbele atazame.

Watoto wale walikuwa wa tumbo moja kwa hesabu ya huko. Watoto wa dada na dada ni ndugu, hawana tofauti. Na Modesta alikuwa msichana. Wavulana watakua, watakwenda kuoa katika ardhi za watu, watakufa. Msichana ndiye atakayeuzaa ukoo upya. Hata mtoto mdogo wa Nyalungo aliyajua hayo bila kuambiwa. Mwalimu alipompiga Modesta alikuwa anawapiga wote, na ambao hawajazaliwa.

Wakasoma. Walisoma wakifukuza nyani kwenye mahindi. Walisoma wakiteka maji, wakichora kwa kidole juu ya mawe yenye ukungu. Mama mmoja alimkuta mwanawe amelala anatamka ma, me, mi, akadhani amerogwa. Agustino akipita njiani aliziona herufi zimechorwa vumbini, moyo wake ukafurahi. Alisema watoto wamependa kusoma.

Modesta alijifunza kazi yake. Mtoto akikosa, alisimama bila kuitwa, akaenda nyuma ya mlango kuchukua fimbo, akampa baba yake kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa kitu. Kisha alipiga magoti kuelekea ukutani na kuishusha kaniki mabegani. Baba yake ndiye aliyemwambia aelekee ukuta. Hakutaka kumwona uso. Lakini masikio yalionekana hata kwa nyuma.

Benedikto alimfuata siku moja kisimani. "Nitamwambia mjomba."

"Usiseme. Ukisema, baba atapelekwa kuchunga ng'ombe, na mimi nitabaki."

"Kwani ukibaki kuna nini? Atapigwa ng'ombe."

Modesta hakucheka. "Wewe soma tu," alisema. "Waambie na wenzako wasome."

Basi wote wakanyamaza.

Felista alimpaka mtoto mafuta ya mbarika kila jioni. Wakati mwingine mkono wake ulisimama juu ya mgongo ule, ukabaki hapo.

"Baba Modesta, mtoto anaumia."

"Mimi je, siumii? Ninampiga nisije nikamwacha."

"Neno moja kwa kaka yangu..."

"Liseme. Atamchukua leo hii, na wewe pamoja naye. Uliapa mbele ya altare."

Felista aliziba kibuyu cha mafuta. Alikuwa ameapa.

"Masika yakiisha," Agustino alisema, "padri akija akisikia, fimbo hii naichoma moto. Naapa na mimi."

Mvua zilinyesha. Njia za mlimani zikaporomoka, zikatengenezwa. Shule ilipamba moto. Siku zikaja ambazo hakuna aliyekosa, na fimbo ilikaa nyuma ya mlango mpaka jioni. Siku hizo Agustino alimwita Modesta akampa muhogo wa kuchoma, na Modesta aliupokea kwa mikono miwili.

*

Padri alikuja juu ya nyumbu. Kijiji kizima kilikuja pia, kwa kuwa watu walikuwa wamesikia watoto wao wakitamka vitu. Jumbe alikaa kwenye kigoda. Maneno alikaa karibu naye amejifunga shuka lake jeupe. Mzee Mikidadi aliegemea nguzo na tumbaku yake.

Andrea alisoma, hakukosa. Wadogo wakasoma, hawakukosa. Benedikto alipewa kitabu ambacho hakuwahi kukiona, kitabu cha padri mwenyewe, akakisoma kwa sauti kavu, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kubeba mzigo. Mama zao walipiga vigelegele. Jumbe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Padri alikuwa amesimama, uso mwekundu kwa furaha.

"Mwalimu, umewafanyaje?"

"Wamependa wenyewe, padri."

Watoto wote walitazama chini.

"Nitawaleta walimu wengine wa milimani waje waone. Nataka wajifunze kwako." Padri alizungusha macho, akamwona msichana mlangoni na mtungi. "Na yule? Si binti yako? Njoo, mtoto. Binti wa mwalimu atufungie kazi."

Hapo ndipo Agustino alipohisi ardhi inateleza. Miezi yote ile hakumuuliza Modesta hata herufi moja. Siku zote uso wake ulikuwa ukutani. Alikuwa kama fimbo, na nani huifundisha fimbo kusoma?

Modesta alikuja mbele. Padri alimwonyesha ubaoni.

"Hii nini?"

Mtoto aliitazama. Akamtazama baba yake. Akaitazama tena.

"Usiogope. Sema."

"Sijui," alisema Modesta.

Na kwa kuwa mtoto amekosa, alifanya kama ilivyokuwa desturi. Alikwenda nyuma ya mlango akachukua fimbo, akamletea baba yake kwa mikono miwili. Agustino aliipokea. Mkono ulipokea wenyewe. Modesta akaenda ukutani, akapiga magoti, akashusha kaniki mabegani.

Nyalungo ikauona ule mgongo.

Padri alikohoa. "Aha," alisema. "Nidhamu. Nidhamu nzuri."

Ndipo Benedikto alipopiga kelele. "Ni m! Mwalimu, ni m! Modesta, hiyo ni m!" Na Andrea akasimama, "Ni m!" Na wadogo wote wakasimama wakilia na kupiga makofi na kupaza sauti kwa nguvu zao zote, m, m, m, kwa maana katika shule ile jibu sahihi ndilo lililokuwa likiizuia fimbo.

Maneno aliinuka. Alilivua shuka lake akamfunika mtoto.

"Inuka, mama. Twende nyumbani."

"Nikienda, baba ataondoka?"

Maneno alimgeukia Agustino, naye alikuwa bado ameshika fimbo. "Shemeji, nilikwambia. Watoto wa nyumba hii."

"Huyu ni wangu," alisema Agustino. "Wenu sikuwagusa. Waulize wenyewe. Huyu ni wangu."

Mzee Mikidadi peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kifupi, akatema mate. "Nani alikwambia?"

*

Wazee wa ukoo walimwita kwenye shauri. Alikuja amevaa kanzu yake ya misa. Walimpa kigoda, wakamwacha akae kwanza.

"Mjomba wako yuko wapi, aje akusemee?" aliuliza Maneno.

"Sina."

"Mtu wa kwa mama yako. Yeyote."

"Mnajua kwamba simjui mama yangu."

"Damu ya binti wa watu imemwagika. Tutamtoza nani mbuzi?"

"Nitalipa mwenyewe."

"Wewe ni nani?" Maneno hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Anayelipa ni ukoo. Hatuwezi kumshtaki mtu ambaye hayupo." Akawatazama wenzake. "Hakuna shauri. Hapa hakuna mtu."

Wakainuka mmoja mmoja, wakamwacha kwenye kigoda.

Shamba walilichukua. Modesta alikaa kwa mjomba wake. Shule hawakuigusa, kwa kuwa jumbe alilihofu boma na padri alikuwa ameipenda. Agustino alibaki na shule, ile aliyokuwa anaipigania ili asimwache Modesta. Walimu wengine wakapandishwa milimani kuja kumwona; wakauliza njia yake; akawaambia ni kuwa na subira. Walipokwenda, alikaa peke yake akiutazama ubao.

Wanafunzi waliendelea kuja. Hawakukosa tena. Alichouliza walikijibu upesi bila kumtazama, kisha walinyamaza. Alipoandika neno jipya walilisoma, wakalinyamazia. Hakuna aliyeuliza jambo. Hakuna aliyechekesha. Benedikto alikuwa anakaa nyuma kabisa, pale mlangoni, mahali pa mtungi.

Felista hakuondoka. Kaka yake alimwambia achague, akasema aliapa. Alimpikia mumewe, alimfulia, alimtandikia. Kuzungumza naye hakuzungumza, ila mambo ya chakula. Kipupwe kilichofuata kifua kilimbana. Siku ya mwisho Maneno alimleta Modesta amwone mama yake, na Agustino aliambiwa asubiri nje. Alisubiri. Alipoingia, Felista alikuwa amefumbwa macho na mkono wa mwingine.

Ukoo wake ndio uliosema alazwe wapi.

Jiwe la kusagia lilibaki pembeni mwa jiko na unga wake kwenye mikwaruzo. Agustino hakulifuta. Alijifunza kupika ugali, ukawa mbichi katikati, akaula hivyo hivyo. Wakati mwingine alitenga sahani mbili, akatazama, akairudisha moja.

*

Modesta alivunja ungo. Akawa mwali, akawekwa ndani nyumbani kwa mjomba wake, kama wanavyowekwa wasichana wa huko: haoni jua, haonwi na mwanamume, wala baba yake, mpaka siku atakayotolewa nje kwa ngoma na kupewa mume. Mwali wa wengine hukaa miezi, wa wengine miaka. Maneno alisema wake atakaa sana, mpaka mgongo usahaulike.

Alasiri moja watu walikuwa mashambani na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Agustino alizunguka nyuma ya nyumba ya Maneno. Ukuta wa udongo ulikuwa na ufa mwembamba, hauingizi hata kidole. Aliweka mdomo karibu.

"Modesta."

"Nani?"

"Baba yako."

Alisikia kuni zikilia jikoni.

"Nimekuja kukufundisha," alisema. "Nilikosea. Niliwafundisha wote, wewe sikukufundisha. Nitakuwa nakuja hapa. Nitataja, utaitikia, basi. Utasoma kuliko wao."

Akasogeza mdomo zaidi kwenye ufa.

"Sema a."

"Nikikosea?"

"Ukikosea hakuna kitu."

"Lazima kiwepo, baba." Sauti yake ilikuwa imekua. Haikuwa na hasira. "Nikikosea, anapigwa nani?"

Agustino alisimama wima. Ukungu ulimlowesha kichwa. Pale nyuma ya nyumba palikuwa na mpera. Alikata kijiti, akarudi kwenye ufa.

"Mimi," alisema. "Ukikosea napigwa mimi. Sema a."

"Sijui."

Alijichapa mguuni. Akajichapa tena, kwa nguvu zaidi, ili asikike ndani. Alikuwa anangoja. Alikuwa amewaona watoto wa watu wakiruka na kulia na kutaja herufi kwa sauti ya kupasua koo ili mtu asipigwe. Aliijua dawa ile. Haikuwahi kushindwa.

"Modesta, mwanangu. A. Ni a tu."

"Sijui, baba."

Akajichapa. Damu ilitoka kwenye ugoko. Aliendelea kuuliza, na ndani aliendelea kujibiwa vilevile, kwa sauti ileile, na kila alipojibiwa alijichapa.

Shamsia, mke wa Maneno, alitokea njiani na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama.

"Mwalimu. Unafanya nini nyuma ya nyumba ya mwali, na fimbo?"

"Namfundisha."

"Unamfundisha nini?"

"Kusoma."

Shamsia alitua kuni chini. Alimtazama mguu, akautazama ukuta. Hakuwa mwanamke mkali.

"Anasoma huyo. Hujui? Benedikto alimfundisha jikoni kwangu, majivuni, kabla hajawekwa ndani. Kila siku wakila muhogo wao, wanachora, wanafuta, wanacheka mpaka nawafukuza. Juzi amenisomea mimi sala zote za kumwombea marehemu mama yake, kwa kitabu." Akainama kukusanya kuni. "Nenda nyumbani, mwalimu. Ukaoshe mguu."

Agustino alibaki ameshika kijiti. Aliweka sikio kwenye ufa, lile sikio lake kubwa, lililochongoka juu.

"Modesta?"

Ndani alisikia mkeka ukikwaruza chini. Mtoto alikuwa amejigeuza, ameelekea ukuta wa upande wa pili.